Wadudu Wasafiri wa Nchi ya Singida

Waandishi waelezao historia ya mkoa huanza kwa kawaida na watemi, wakaendelea na Wajerumani na Waingereza, kisha wakaufikia Uhuru na kuanzishwa kwa vijiji, na hapo wakaweka kalamu chini. Hatuna ugomvi na utaratibu huo, maana historia ni ya watu kwanza. Lakini nchi ya Singida ina historia nyingine iliyokwenda sambamba na hiyo, nayo ni ya viumbe wenye mabawa na miguu sita. Viumbe hao waliwafukarisha watu, wakawahamisha, wakawaleta wataalamu kutoka ng'ambo na wakazilazimisha serikali kadhaa kuketi meza moja. Katika kurasa hizi tumekusudia kuwaeleza walimu na wanafunzi habari za wadudu hao, na hasa habari za yule aliyesahauliwa kuliko wote, yaani kipepeo msafiri.

Yafaa tutaje shabaha yetu mapema, msomaji asije akadhani kwamba tumemwita kutazama maua. Wadudu waliohesabiwa, wakachunguzwa na kuandikiwa vitabu katika sehemu hizi ni maadui: mbung'o na nzige. Kipepeo hakumwua ng'ombe wa mtu wala hakula mtama wa mtu, kwa hiyo hakupewa karani wa kumhesabu. Hata hivyo, vichaka na mbuga anamozaliwa vinajulikana leo kwa sababu ya wale waliokwenda kuwatafuta maadui. Na vichaka hivyo na mbuga hizo sasa vinapungua, wakati kipepeo bado hana karani.

Singida ni uwanda wa juu ulio katikati ya Tanzania. Mkoa wenyewe ulianzishwa 1963, ukitokana na lililokuwa Jimbo la Kati. Mvua yake ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na miezi iliyobaki yote ni kiangazi. Ukielekea magharibi kutoka Iramba, ukashuka Sekenke ambako dhahabu ilichimbwa tangu siku za Wajerumani, unaingia katika mbuga ya Wembere. Hii ni sehemu ya Bonde la Ufa, yenye udongo mweusi, ambayo masika huwa maji na kiangazi huwa nyasi tupu mpaka upeo wa macho. Maji yake huelekea kaskazini mpaka ziwa Kitangiri, na kutoka huko hufuata mto Sibiti hadi ziwa Eyasi. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walifikiri kuyaleta huku maji ya ziwa Victoria kwa mfereji ili Wembere yote iwe shamba la pamba. Mfereji huo haukuchimbwa, na sisi hatulii kwa hilo.

Kusini, katika nchi ya Manyoni, kuna vichaka vya Itigi. Mtu apitaye kwa garimoshi huviona kama ukuta wa kijivu kando ya reli. Si msitu wa miti mirefu, wala si pori la miombo. Ni vichaka vya urefu wa mita tatu hadi tano, vilivyosongamana hata mtu hawezi kupenya bila panga, vilivyoota juu ya mchanga na kupukutisha majani kiangazi. Namna hii ya uoto haipatikani mahali pengi duniani. Iko hapa, na iko tena kwenye mpaka wa Zambia na Kongo, karibu na maziwa ya Mweru Wantipa na Tanganyika. Ndiyo sababu wataalamu wa mimea huiita kwa jina la stesheni yetu ndogo ya reli, na mwanafunzi wa Itigi anaweza kulikuta jina la kwao katika vitabu vya London bila kujua limefikaje huko.

Sasa tumtazame kipepeo. Jina lake kwa Kiswahili limetoka katika kitenzi kupepea, na kwa sisi tutungao mashairi jina hilo linatosha kuwa picha nzima. Lakini limewadanganya wengi, kwani mtu akisikia kupepea hudhani kwamba mdudu huyu anachukuliwa na upepo kama karatasi. Kipepeo msafiri hachukuliwi tu. Hushika upande mmoja, akikuta nyumba hupita juu yake, akikuta mti huuzunguka au kuuruka, kisha hurudi katika njia ile ile. Wapo wa aina nyingi. Mmoja ni mweupe mwenye rangi ya kijani kwa mbali, ambaye wataalamu humwita Catopsilia florella. Viwavi wake hula majani ya mimea iliyo ya ukoo mmoja na mjohoro. Mwingine ni mweupe mwenye mishipa ya kahawia katika mabawa, Belenois aurota. Viwavi wake hula vichaka vya nchi kavu ambavyo mbuzi na ngamia nao huvipenda. Kusini mwa Afrika, miezi ya Desemba na Januari, kipepeo huyu hutoka jangwa la Kalahari kwa mamilioni akielekea kaskazini mashariki hadi pwani ya Msumbiji. Wa tatu ni wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi, Danaus chrysippus, ambaye viwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe wa sumu, nayo sumu hiyo huwa ngao yake mpaka anapokuwa na mabawa. Ndege aliyemwonja mara moja hamrudii. Katika miaka ya 1970 mtaalamu D. A. S. Smith aliwachunguza vipepeo wa aina hii huko Dar es Salaam kwa muda mrefu, na kazi yake inasomwa hata sasa.

Mwalimu atakayeulizwa na wanafunzi kwa nini vipepeo hawa husafiri, ajibu kwanza kwa chakula cha kiwavi, wala si kwa asali ya maua. Mvua ya kwanza inaponyesha, vichaka huchipua majani laini, na vipepeo hutaga juu yake. Viwavi hutoka kwa wingi, hula, huwa pupa, na baada ya majuma machache huwa kizazi kipya. Kizazi hicho kikikuta majani yameliwa au yamekomaa, huondoka kufuata mahali penye machipuko mapya. Kwa hiyo safari ya kipepeo ni safari ya mvua na majani, na kipepeo mmoja hakai hata akamaliza mwendo wote; huanza yeye, wakamaliza wajukuu. Yule aitwaye Vanessa cardui, ambaye huonekana Afrika, Ulaya na Asia, hufanya mzunguko wa kutoka kusini ya jangwa la Sahara hadi kaskazini ya Ulaya na kurudi, kwa vizazi kama sita vinavyopokezana. Kwa muda mrefu watu wa Ulaya walimwona akija na hawakumwona akirudi, wakadhani kwamba hufia kwao wote. Ndipo wakati wa wimbi kubwa la mwaka 2009 ikaonekana kwa rada kwamba hurudi akiruka juu sana, mahali ambapo jicho la mtu halimfikii. Tumeutaja mfano huu makusudi. Jambo lililotazamwa na watu wengi kwa miaka mingi linaweza kueleweka nusu tu, iwapo upande mmoja wa njia hauna mtazamaji.

Katika nchi yetu utafiti wa safari za vipepeo una asili yake, nayo ni Amani, katika milima ya Usambara, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902. Mwingereza C. B. Williams alifanya kazi hapo mwishoni mwa miaka ya 1920, akayaona kwa macho yake makundi ya vipepeo yakipita, na mwaka 1930 akatoa kitabu kizima juu ya uhamaji wa vipepeo duniani. Kilichotupendeza katika kazi yake ni kwamba hakutegemea macho yake peke yake. Alikusanya habari kutoka kwa mabaharia, wakulima, walimu na watumishi wa serikali wa nchi mbalimbali: siku gani, saa ngapi, upande gani, wangapi kwa dakika. Hayo si maswali ya profesa. Hata mtoto wa darasa la tano huyaweza. Baadaye sana, mwaka 1990, Jan Kielland alitoa kitabu juu ya vipepeo wa Tanzania, na kwa hicho tunajua kwamba nchi hii ina aina zaidi ya 1,000.

Hata hivyo, jina ambalo lingepaswa kujulikana na kila mwanafunzi wa Singida ni la mtu mwingine. Charles Francis Massy Swynnerton alizaliwa 1877, akaishi ujana wake wote wa kazi huko ambako sasa ni Zimbabwe, akiwa mkulima karibu na msitu wa Chirinda. Huko alijishughulisha na swali moja: je, rangi za vipepeo huwakinga kweli na ndege, au ni mapambo matupu? Badala ya kukaa na kubishana kwa barua kama walivyofanya wengine, aliwapa ndege vipepeo, mmoja baada ya mwingine, akaandika yupi ameliwa, yupi ametemwa, yupi amekataliwa kwa kutazamwa tu. Alirudia hivyo kwa miaka, tangu 1908 hadi 1913, na habari zake zikachapishwa 1919. Aligundua jambo ambalo mpishi yeyote angemwambia, lakini hapakuwa na mtaalamu aliyelithibitisha: kwamba ndege mwenye njaa hula kile ambacho ndege aliyeshiba hukikataa. Hivyo ngao ya kipepeo si kamili wala si uongo. Hupimwa kwa njaa ya adui yake.

Mwaka huo huo wa 1919 Swynnerton alifanywa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyama wa mwitu katika Tanganyika. Nchi aliyoikuta ilikuwa imeumia. Sotoka ya miaka ya 1890 ilikuwa imewaua ng'ombe na wanyama wa porini. Vita vya 1914 hadi 1918 vilikuwa vimechukua wapagazi, chakula na mifugo. Na watu wa nchi ya Ugogo, jirani zetu, walikuwa bado wanaihesabu miaka kwa njaa ile waliyoiita Mtunya. Palipokuwa na mashamba na malisho pakaota vichaka, na vichakani wakaingia mbung'o, na mbung'o wakaleta nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu. Mwenye kufuga akahama, kichaka kikapanuka zaidi, na mbung'o akamfuata. Swynnerton aliuona mzunguko huo akaamua kwamba adui hawezi kupigwa bila kujua makao yake. Mwaka 1929 akawa mkuu wa utafiti wa mbung'o huko Shinyanga. Huko, pamoja na watemi na watu wa Usukuma, vichaka vilifyekwa na nyasi zikachomwa kwa nyakati zilizopangwa, huku mbung'o wakihesabiwa kila wiki na vijana waliopita katika njia zile zile, wakiwakamata kwa nyavu. Aina moja ya mbung'o, Glossina swynnertoni, ina jina lake mpaka leo. Kitabu chake kikubwa juu ya mbung'o wa Afrika Mashariki kilitoka 1936.

Msaidizi wake alikuwa B. D. Burtt, mtaalamu wa mimea aliyezaliwa 1902. Kazi ya Burtt ilikuwa kueleza kila namna ya uoto ambamo mbung'o hukaa na ambamo hakai, na kwa sababu hiyo alizunguka Singida, Manyoni na Itigi, akikusanya majani, maua na mbegu, na kuandika kichaka kipi kinaota juu ya udongo upi. Mti mmoja ulio wa kawaida sana katika vichaka vya Itigi huitwa na wataalamu Baphia burttii kwa heshima yake. Hakuwa akitafuta chakula cha viwavi. Lakini mtu atakaye kujua leo kipepeo gani anaweza kuzaliwa Itigi, hana budi kuanzia katika orodha za mimea alizoziacha huyu.

Juni 1938 Swynnerton na Burtt walikuwa safarini kwa ndege, nayo ikaanguka karibu na Singida. Wote wawili wakafa. Maelezo ya Burtt juu ya uoto wa Afrika Mashariki yalichapishwa 1942, miaka minne baada ya kifo chake. Basi mtu aliyejua kuliko wengi habari za vipepeo na ndege wa Afrika, na mtu aliyejua kuliko wengi habari za vichaka vyetu, walimaliza safari yao katika ardhi ya mkoa huu. Walikuwa watumishi wa serikali ya kikoloni, na kazi yao iliongozwa na haja za serikali hiyo, hatusemi vinginevyo. Baada yao, kufuatia Vita Kuu ya Pili, huko Shinyanga wanyama wa porini waliuawa kwa maelfu ili mbung'o wakose damu ya kunywa. Njia hiyo haikuwa ya kujivunia, na iliachwa. Hata hivyo elimu haina kabila, na aliyeiandika kwa uangalifu hutupa sisi pia fungu letu.

Tuingie Wembere. Msomaji ambaye hajaona nzige hawezi kuambiwa akaelewa, lakini wazee wa mikoa ya kati waliijua miaka ya 1930. Nzige mwekundu, Nomadacris septemfasciata, alianza kufurika 1930 na hakutulia mpaka 1944, na makundi yake yalifika Afrika Kusini. Swali la wataalamu lilikuwa hili: kati ya mafuriko mawili, nzige huwa wapi? Boris Uvarov, Mrusi aliyefanya kazi London, alikwisha kutoa jibu la nusu 1921 alipoonyesha kwamba nzige wa kundi na panzi wa upweke ni mdudu mmoja mwenye tabia mbili; akisongamana hubadilika rangi, umbo na mwenendo. Nusu ya pili ilipatikana kwa kutembea. Watu walipita mbuga moja baada ya nyingine, wakakuta kwamba nzige mwekundu ana makao machache tu ya kudumu, na kila mlipuko huanzia humo. Hapa kwetu ni mbuga za Rukwa, Iku na Katavi, bonde la Malagarasi, na Wembere. Mahali pote hapo hali ni ya namna moja: mafuriko masika, nyasi ndefu za kujificha, na kati yake udongo mtupu wenye unyevu ambamo jike hutaga. Nzige huyu ana kizazi kimoja kwa mwaka. Hutaga mvua zinapoanza, tunutu hutoka baada ya mwezi mmoja hivi, na akishaota mabawa hungoja kiangazi chote bila kutaga.

Mwaka 1949 ukawekwa mkataba, na shirika la kimataifa la kupambana na nzige mwekundu likaundwa, makao yake yakiwa Abercorn, mji ambao sasa unaitwa Mbala nchini Zambia. Baada ya nchi zetu kupata uhuru kazi hiyo ilirithiwa na shirika la nchi huru za Afrika ya kati na kusini, lenye makao Ndola. Tangu 1944 haukutokea tena uvamizi wa nzige mwekundu wa kiasi kile. Ushindi huu umepita kimya, kwa kuwa ushindi wa aina hii huonekana katika jambo lisilotokea. Vijana husoma tarehe za vita lakini hawasomi tarehe za njaa zilizozuiwa.

Lakini dawa zilikuwa na gharama. Katika vita vya nzige barani Afrika ilitumika miaka mingi sumu iitwayo dieldrini, ambayo haifi upesi. Hukaa udongoni, ikaingia katika mdudu, kisha katika ndege amlaye mdudu. Mkataba wa Stockholm wa 2001 uliiweka katika orodha ya sumu za kukomeshwa. Mbuga ya Wembere ni makazi ya ndege wa majini, korongo na jamaa zao, na nyasi zake hulisha ng'ombe wa Wasukuma, Wanyiramba na Wataturu. Anyunyiziaye sumu hawezi kuwaambia wadudu wengine wajitenge kando. Kiwavi wa kipepeo hufa pamoja na tunutu. Ndiyo maana tunaona mwaka 2009 ulikuwa mwaka mkubwa kuliko ulivyotangazwa. Mwaka huo nzige walipoanza kuongezeka Katavi, Rukwa na Malagarasi, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilisaidia kunyunyizia kiasi cha hekta 10,000 kwa dawa isiyo ya sumu ya kiwandani, bali mbegu za kuvu anayewaugua nzige na panzi tu. Nzige akafa, na wengine wakasalia.

Katika shirika la Abercorn alikuwamo mtu ambaye habari zake zinafaa kusimuliwa hapa, Desmond Vesey-FitzGerald. Aliajiriwa ili nzige waishe. Akakaa miaka mingi katika mbuga, hasa Rukwa, akizitazama nyasi: zipi hutangulia maji yakipungua, nani huzila kwanza, nani hufuata. Akaona kwamba tembo na nyati huzikanyaga na kuzilaza nyasi ndefu, na hivyo huwafungulia njia wanyama wadogo walao nyasi fupi. Na maelezo yake ya 1960 juu ya mpokezano huo wa malisho yakawa msingi wa elimu ya mbuga zetu. Mwishowe akawa mtaalamu wa hifadhi za taifa huko Arusha, akatoa kitabu juu ya nyasi za Afrika Mashariki mwaka 1973, na akafariki 1974. Alikuja kumfukuza mdudu, akaishia kuilinda nyasi.

Wanaokusanya simulizi za Unyaturu watasema kwamba tumewasahau nyuki, na watakuwa na haki. Wazee husimulia juu ya Liti, mwanamke aliyewapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne iliyopita, na ambaye silaha yake ilikuwa nyuki. Uwanja wa michezo mjini Singida una jina lake leo. Tunataja habari hii kwa sababu yaonyesha mahali ambapo utamaduni wetu humweka mdudu. Nyuki ana shujaa, ana mzinga, ana methali: fuata nyuki ule asali. Kumbikumbi na senene wana nafasi yao jikoni. Kipepeo alibaki kwa watoto na kwa watunga mashairi. Kazi moja nzuri kwa shule za mkoa ni kukusanya majina ya vipepeo na viwavi kwa Kinyaturu, Kinyiramba, Kinyisanzu, Kitaturu na Kikimbu kabla wanaoyajua hawajatutoka, kwani jina la kiwavi mara nyingi hutaja na mti anaoula, na hapo mwanafunzi atakuwa amepata bure kile ambacho Burtt alikitafuta kwa miguu.

Hali ya leo ya makao hayo si ya kuridhisha. Vichaka vya Itigi havina fahari machoni pa watu. Havitoi mbao, havina wanyama wa kupigwa picha wanaoonekana kwa mbali, na mtu akivipita huviita pori tu. Sehemu kubwa ya vichaka hivyo upande wa Tanzania imekwisha fyekwa kwa mkaa na mashamba. Katika miaka ya karibuni mashamba ya pamoja ya korosho yameanzishwa wilayani Manyoni, na hatuwezi kumlaumu mkulima wa nchi kavu aliyeambiwa kwamba korosho itamsomeshea watoto; mtama haujamsomeshea. Lakini kichaka cha Itigi kikishang'olewa hakirudi upesi, na mara nyingi badala yake huota pori la namna nyingine. Kilichobaki kina marafiki wachache. Mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi yako upande wa kusini, nayo yaliwekwa kwa ajili ya tembo na simba. Marafiki wa karibu zaidi ni wafuga nyuki wa Manyoni, wenye hifadhi ya nyuki ya Aghondi, ambao faida yao yategemea kichaka kibaki kichaka. Wembere nayo inageuka mashamba ya mpunga na dengu pembeni, na ng'ombe wamezidi katikati. Manifesto ya Arusha ya Septemba 1961, ambayo Mwalimu Nyerere aliitoa kwa dunia, iliahidi kuwatunza viumbe wa mwitu pamoja na mahali wanapoishi. Ilisomwa wakati huo kama ahadi ya tembo. Ukiisoma kwa makini, kiwavi naye anaingia.

Tutazame walivyofanya wengine. Huko Kanada, Fred Urquhart alitumia miaka mingi akibandika vibandiko vidogo katika mabawa ya kipepeo aitwaye monaki, ndugu wa yule wetu wa rangi ya chungwa, akisaidiwa na watu wa kawaida kwa maelfu. Januari 1975 wasaidizi wake waliyagundua makao ya kiangazi cha baridi katika milima ya Mexico, ambako vipepeo hao hutulia juu ya miti hata matawi yakainama. Hawawezi kuhesabiwa mmoja mmoja, kwa hiyo hupimwa kwa eneo la msitu wanalolifunika. Majira ya baridi ya 1996 na 1997 walifunika zaidi ya hekta 18. Majira ya 2013 na 2014 hazikufika hekta moja. Mexico iliweka hifadhi 1986, lakini ilionekana kwamba hifadhi ya mahali pa kulala haitoshi iwapo magugu ambayo viwavi hula huko kaskazini yanauawa kwa dawa za mashambani. Hayo yasingejulikana bila hesabu za kila mwaka. Uingereza nao walianza mwaka 1976 utaratibu wa watu wa kujitolea kutembea njia ile ile kila wiki wakihesabu vipepeo. Mwalimu aliyesoma habari za vijana wa nyavu wa Shinyanga atatambua kwamba njia hiyo haikuwa ngeni kwetu; tuliitumia kwa mbung'o nusu karne mapema.

Shule ya sekondari ya Singida au Itigi inaweza kuianza kazi hii bila kungoja fedha. Ichaguliwe njia ya nusu saa, ipite ukingoni mwa kichaka au mbuga, na isibadilishwe. Wanafunzi wawili waipite mara moja kwa wiki, saa nne asubuhi, siku yenye jua, mmoja akihesabu na mwingine akiandika. Kundi likipita juu ya uwanja, ichaguliwe miti miwili, wahesabiwe wanaopita kati yake kwa dakika tano, na uandikwe upande wanakoelekea pamoja na upande unakotoka upepo, maana hizo ni habari mbili tofauti. Viwavi watazamwe juu ya mijohoro ya shule yenyewe, ambayo imepandwa karibu kila mahali. Iandikwe tarehe ya mvua ya kwanza. Daftari likae kwa mwalimu wa elimu ya viumbe, na anayehamishwa alikabidhi kwa maandishi kwa anayempokea, kama vile karani anavyokabidhi funguo za ofisi. Na wiki ambayo hakuonekana kipepeo hata mmoja, nayo ijazwe sifuri, isiachwe wazi.